Ukuta Huanzia Chini Kufa: Mhadhara kwa Wakazi wa Kwihara na Vitongoji vya Tabora

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na vijana, habari za asubuhi.

Kabla ya maneno, naomba kijana mmoja anitikisie chupa hii. Ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Theluthi yake ni udongo wa kichuguu, huohuo mnaokandikia nyumba, na juu yake kuna maji na chumvi kidogo. Itikise dakika mbili nzima, kisha iweke juu ya kiti kile na mtu asiiguse. Tutairudia.

Cha pili ni kipande hiki cha lipu ya saruji kilichodondoka ukutani. Mbele kimenyooka na kina rangi, hakina kasoro. Sasa kigeuzeni. Nyuma yake kuna udongo mwekundu ulioshikamana nacho, unene wa kidole gumba. Nakipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akitazame vizuri, kwa sababu huo udongo si uchafu. Huo ni ukuta wenyewe. Saruji ilipodondoka iliondoka na nyumba.

Tunazungumzia majengo gani? Hapa Kwihara lipo tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, ambamo mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikaa mwaka 1872, akisubiri wapagazi na vifaa baada ya Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, kuondoka kurudi pwani. Linajulikana zaidi kuliko mengine. Mjini kuna boma la Wajerumani, kuna stesheni ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912, na kuna shule ambazo Mwalimu Nyerere alisoma na kufundisha. Lakini mimi leo nasemea zaidi nyumba zisizo na kibao: za udongo, za baraza mbele na ua nyuma, ambazo watu bado wanalala ndani yake. Boma lina serikali ya kulilinda. Nyumba ya bibi yako inakutegemea wewe na ndoo yako.

Nyumba ya udongo huanzia chini kufa. Mvua inayotoka kwenye paa hupiga ardhi na kuruka hadi karibu na goti, na kila tone huondoka na chembe ya udongo. Maji mengine hupanda ndani ya ukuta yakitoka ardhini, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Yakifika juu hukauka na kuacha chumvi, ule unga mweupe mnaouona. Chumvi inapoganda hupasua udongo kwa ndani, na ukuta unaanza kumomonyoka kwa upana wa kiganja, kisha wa mkono. Kisha mchwa, ambao hupenda palipo na unyevu, huja kumalizia.

Mtu akiona hivyo huita fundi, na fundi anapiga saruji. Hapo ndipo kosa linapoanza. Udongo hupumua: unakunywa maji na kuyatoa. Saruji haitoi. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye futi moja ya chini sasa yanapanda mpaka yavuke lipu, ukuta unalowa hadi kifuani, na nyuma ya lipu udongo unageuka tope. Kwa nje huoni kitu. Gonga kwa kifundo cha kidole: pakilia kama debe tupu, saruji imeshaachana na ukuta. Sakafu ya saruji mbele ya nyumba, inayopigwa ili baraza lipendeze, hufanya vilevile, kwa kuwa inayasukuma maji ya ardhini yaingie ukutani.

Msikimbilie kubandua yote kwa nyundo. Palipolia wazi, bandueni kwa tindo ndogo, mkianzia chini, mwanzo wa kiangazi ili ukuta upate miezi ya kukauka. Paliposhika vizuri, acheni. Kung'oa kwa nguvu kutaondoka na ukuta mwingi kuliko saruji ingeuharibu.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaishtukii. Pimeni usawa wa sakafu ya ndani na ardhi ya nje. Katika nyumba nyingi za kale ardhi ya nje iko juu, kwa sababu ya miaka mingi ya kufagia, kumwaga majivu, na greda kuinua barabara. Nyumba haikuzama, kijiji ndicho kilichopanda. Dawa ni kuondoa udongo wa nje hadi uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15, kisha kuupa mteremko wa sentimita 5 kwa kila meta, ukienda mbali na ukuta angalau meta moja na nusu. Chimbeni kwa vipande vya meta mbili, mkiruka kipande kimoja na kukirudia baadaye, maana msingi wa nyumba hizi ni mfupi na ukiufunua wote kwa siku moja unaweza kuteleza. Chini ya ukuta mwagieni kokoto badala ya zege. Matone yakipiga kokoto hayaruki na tope.

Palipomomonyoka panajazwa kwa tofali bichi za udongo uleule. Kwangua hadi ufike pagumu, nyunyizia maji, panga tofali kwa tope, kipande kisichozidi urefu wa mkono. Kipe wiki kabla ya kufungua cha jirani yake. Tofali hizo zinataka wiki tatu hadi nne za kukauka kivulini, zikigeuzwa upande kwa upande. Zilizoanikwa juani moja kwa moja hupasuka pembe. Kwa hiyo mvua inayoanza Novemba inatupangia ratiba sisi: tofali Juni na Julai, paa na miguu ya kuta Agosti, kusiriba Septemba, chokaa Oktoba mwanzoni. Anayeanza Oktoba kufyatua tofali atajenga kwa tope.

Sasa kusiriba. Tabaka la kwanza, sehemu moja ya udongo wa mfinyanzi kwa mbili za mchanga, na majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole. La pili ni jembamba, udongo uliochekechwa, moja kwa tatu. Kinyesi cha ng'ombe, ndoo moja kwa kila ndoo nne au tano za mchanganyiko, hupunguza nyufa na kuzuia maji kidogo. Acheni tope lilale siku tatu kabla ya kulitumia. Harufu huisha likikauka, msiogope. Lakini msinisikilize mimi kuliko ukuta wenu. Pakeni vipande vitatu vya majaribio vya sentimita 30 kwa 30, kila kimoja kwa kipimo tofauti, mkae wiki. Kilichopasuka kina udongo mwingi. Kinachotoka unga ukikipangusa kina mchanga mwingi.

Hesabu yake ni hii. Ukuta wa meta 10 kwa meta mbili na nusu ni meta za mraba 25. Lipu ya sentimita 2 inataka nusu meta ya ujazo ikiwa imeshakaa ukutani, na kwa kuwa mchanganyiko mkavu husinyaa ukitiwa maji, andaeni kama theluthi moja zaidi. Hiyo ni karibu ndoo 33 za lita 20. Andikeni namba hiyo, kwa kuwa kazi nyingi za kujitolea hukwama saa sita mchana udongo ukiwa umeisha na watu bado wapo.

Paa la tembe linataka maneno yake peke yake. Boriti, juu yake fito, kisha majani au magome, kisha udongo ulioshindiliwa. Udongo mkavu una uzito wa takribani kilo 1,600 kwa meta ya ujazo. Tabaka la sentimita 20 juu ya chumba cha meta 3 kwa 4 ni kama tani tatu na robo tatu, kabla haijanyesha. Kila mwaka paa likivuja mtu anaongeza sentimita 5 juu: karibu tani nzima nyingine kwenye boriti zilezile, ambazo nazo zimezeeka. Paa linavuja kidogo zaidi kwa sababu boriti zimejipinda na maji yanatuama katikati, kwa hiyo anaongeza tena. Tembe nyingi hazikuangushwa na mvua, ziliangushwa na wema wa wenye nyumba. Kwangua kwanza kiasi unachotaka kuongeza, ndipo uongeze. Mteremko uwe sentimita 2 au 3 kwa meta kuelekea kwenye mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa, na mlizamu utokeze nusu meta nje ya ukuta. Boriti huozea pale inapoingia ukutani, mahali usipopaona. Ichome kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, weka nguzo chini yake leo, usisubiri kesho.

Kwa sheria nitapita haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo linahitaji kutangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali. Maana yake majengo ya Wajerumani na nyumba nyingi mlizonazo hazilindwi kwa umri wake tu. Milango ni habari nyingine: mlango au fremu ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 inatambuliwa na sheria hiyo, na kuitoa nchini bila kibali ni kosa. Mtu akija na gari na bei nzuri, mwambieni hivyo, kisha pigeni picha ya mlango siku hiyohiyo: wote, halafu kila ubao, halafu bawaba na kizingiti.

Na mlango wenyewe mnaouharibu ni kwa rangi ya mafuta. Ina tabia ya saruji: inafunga maji ndani na nakshi inajaa hadi maua yanakuwa mabonge. Sisi Tabora tuna nta, tunauza hadi nje. Yeyusheni sehemu moja ya nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto. Toeni kopo, lipelekeni mbali na moto, ndipo mtie sehemu nne za tapentaini, maana mvuke wake hushika moto upesi. Pakeni nyembamba kwa kitambaa, sugueni kwa brashi ya viatu. Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa mlango wenye kivuli cha upenu.

Kuhusu sherehe, nina maoni ambayo si kila mtu atayapenda. Sherehe ya hotuba, vitambaa na maji ya chupa hailindi hata tofali moja. Ifungeni na kazi: siku ya kusiriba ndiyo iwe siku ya nyumba. Asubuhi tope, mchana ugali, jioni ngoma, na ngoma ipigwe uwanjani, si chini ya ukuta uliolowa. Mtu asipande juu ya tembe kupiga picha. Mmeshasikia hesabu ya tani. Vibao visipigiliwe misumari ukutani wala mlangoni. Simamisheni nguzo pembeni, na maneno yasizidi sentensi nne.

Na hizo sentensi zisimtaje mgeni peke yake. Livingstone alikaa hapa miezi, mwenyeji alikaa miaka. Chuma na Susi, watumishi wake, walipita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, mwaka 1873 na msafara uliobeba mwili wake kwenda pwani. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watumwa walipita hapa wakiwa kwenye minyororo. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba karibu kila kilichokwenda na kurudi. Watoto wa shule wanaoongoza wageni wajifunze hayo yote, hata yanayouma, na mzee akisimulia jambo walirekodi kwa simu likiwa na tarehe na jina la nyumba.

Mama ameuliza kama nyufa zote ni hatari. Hapana. Chora msitari wa penseli kukata ufa, andika tarehe, pima upana kila mwezi. Usiobadilika ni kovu. Unaopanuka, hasa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha, unakuambia msingi unashuka, na kuusiriba juu ni kuufunika macho.

Sasa chupa. Mchanga umeshakaa chini, juu yake tope laini, na maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Huo uliobaki majini ndio mfinyanzi, na utamaliza kushuka kesho saa kama hizi. Hapo ndipo mpime kwa rula: jumla ya tabaka, kisha la juu peke yake. Likiwa sehemu mbili kwa kumi, fyatueni tofali. Likizidi tatu, ongezeni mchanga. Lisipofika hata moja, rudini mkachimbe kichuguu kingine.