Tuunde Jungmeister kwa Boksi na Vijiti vya Mishikaki

Karibuni tena mezani. Leo tunaunda Bücker Bü 133 Jungmeister, ndege ya Kijerumani ya kiti kimoja, bawa juu ya bawa, iliyobuniwa kwa sarakasi za angani. Weka karibu boksi gumu, vijiti vya mishikaki, mrija wa soda, kizibo cha chupa, uzi mweusi, gundi na kipimapembe. Kila sentimita 1 ya kwetu ni sentimita 20 za ndege yenyewe.

Tuanze na kiwiliwili. Ndege halisi ina urefu wa mita 6.02, kwa hiyo chora ubavu wa sentimita 30, ukate, kisha uulaze juu ya boksi uchore wa pili. Ziunganishe mbavu hizo kwa vijiti, ziachane sentimita 3. Ya kweli nayo iko hivyo hivyo: mifupa ya mabomba ya chuma, juu yake kitambaa.

Gundi ikauke kwanza. Carl Clemens Bücker alifungua kiwanda chake Berlin mwaka 1933, na msanifu wa ndege zake alikuwa Msweden, Anders Andersson. Mwaka uliofuata wakatoa Jungmann, ya viti viwili, ya kufundishia. Jungmeister ni mdogo wake. Iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Agosti 1935, rubani akiwa Luise Hoffmann, mwanamke wa kwanza Ujerumani kuajiriwa na kiwanda kurusha ndege zake. Baadaye Luftwaffe, jeshi la anga la Wanazi, nayo ikaitumia kufundishia marubani wake, na hilo tusilifiche kwa sababu tu ndege ni nzuri.

Sasa mabawa. Hapa usikimbie. Kata vipande vinne vya sentimita 15 kwa 4.5. Kwenye shina la kila kipande pima nyuzi 11, ukate mshazari, ili bawa likishakaa lielekee nyuma kidogo. Wa kushoto na wa kulia wasigeuke mapacha! Mimi mara ya kwanza nilikata vinne vya upande mmoja, boksi zima likaenda na maji. Bawa la juu liongezee kipande cha sentimita 3 katikati.

Kisha chora vibawa vidogo kwenye ukingo wa nyuma, juu na chini, vinne kwa jumla. Hivyo ndivyo vinavyoviringisha ndege. Angalia na urefu wa bawa: mita 6.60 tu, ncha hadi ncha. Ukibeba ndoo mbili kwa mzega mrefu, kugeuka ni kazi. Fupisha mzega, unageuka mara moja. Bawa fupi, vibawa vinne: rubani akigusa tu usukani, dunia imepinduka.

Injini: mfano wa kwanza ulikuwa na Hirth ya silinda sita mstarini, lakini iliyopata umaarufu ni ya Siemens, nguvu za farasi 160. Kata mrija vipande saba, ndizo silinda zake, uvipange kama miale ya jua kuzunguka kizibo, ubandike puani.

Rangi, mimi napaka nyekundu na nyeupe. Ndiyo ya Bevo Howard, Mmarekani aliyeirusha ndege iliyokuwa ya Mromania Alex Papana, ambayo ilivuka Atlantiki ikiwa kwenye makasha ndani ya Hindenburg, ile puto kubwa ya Kijerumani ya kubebea abiria. Howard alifia ndani ya ndege hiyo kwenye maonyesho mwaka 1971. Ikakarabatiwa, na sasa iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani.

Magurudumu yakishakaa, vuta uzi mweusi kati ya mabawa, ukaze taratibu. Uzi wa kutundikia ufunge kwenye magurudumu, siyo mgongoni, ili ndege ining'inie kichwa chini. Kwenye mashindano ya ndege ya Cleveland, Marekani, 1937, rubani Mjerumani Otto von Hagenburg alikuwa anapita hivyo hivyo, chini sana, akagonga ardhi. Akatoka hai, akaazima ndege ya Papana, akapaa tena.