Wajerumani wa Urusi walivyojenga Kansas

Mambo vipi ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko Victoria, Kansas, hapa Marekani, mji ambao magari ya barabara kuu yanaupita bila hata kupunguza mwendo. Sasa hebu angalieni kanisa hili nyuma yangu. Minara miwili, kila mmoja zaidi ya mita 40, katikati ya mashamba ya ngano! Kila siku mnaniuliza kwenye komenti, "Kaka, huko mtu anaanzaje maisha?" Leo nawajibu kwa kisa cha waliolijenga.

Ni Wajerumani. Najua sisi Watanzania ukitaja Mjerumani akili inakimbilia Maji Maji na viboko. Tulieni, hawa ni wengine, wakulima waliotokea Urusi.

Urusi walifikaje? Mwaka 1763 Katarina wa Pili, malkia wa Urusi ambaye mwenyewe alizaliwa Ujerumani, aliwaita wageni waje walime. Aliahidi ardhi, uhuru wa dini, msamaha wa kodi hadi miaka 30, na kwamba vijana wao hawatachukuliwa jeshini. Wakaenda kwa maelfu, wakajenga vijiji kando ya mto Volga, wakakaa humo zaidi ya miaka mia moja wakisema Kijerumani chao. Halafu serikali ikaanza kuzivunja ahadi zake. Mwaka 1871 nafuu zao zikafutwa, 1874 ikaja sheria ya jeshi la lazima.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Walikaa kikao, wakachagua wajumbe, wakawatuma Marekani wakaione ardhi kwanza. Wajumbe wakarudi Volga na udongo na majani ya huku mbugani, watu wakajionea. Sisi je? Mtu anaona picha ya binamu yake ameegemea gari la watu, kesho yake anauza kiwanja.

Mwaka 1876 wakaanza kuingia wilaya hii ya Ellis, familia nyingi kwa pamoja, na vijiji wakavipa majina ya kulekule walikotoka: Herzog, Pfeifer, Schoenchen. Ardhi nyingine walinunua kwa kampuni ya reli, nyingine waliipata kwa sheria ya 1862 iliyompa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano. Na tusidanganyane, haikuwa ardhi isiyo na wenyewe. Kina Cheyenne na Pawnee, makabila ya wenyeji wa asili, walikuwa wameshaondolewa.

Miti hakuna. Njoo na kamera huku... mnaona nguzo hizi za ua? Ni mawe. Walichimba mawe ya chokaa, wakayapasua, wakayasimamisha shambani. Ukisogea karibu unaona hadi alama za chaza wa kale, maana hapa palikuwa bahari. Kanisa nalo ni mawe hayohayo. Kila muumini kuanzia miaka 12 alipangiwa dola 45 kwa mwaka na mikokoteni sita ya mawe. Dola 45 za wakati ule! Likamalizika 1911. Michango ya harusi inayowafanya mtoke kwenye magrupu ya WhatsApp ni mchezo wa watoto.

Jina la mji sasa. Victoria ni malkia yuleyule aliyebandikwa kwenye ziwa letu. Waingereza walitangulia hapa 1873 na ng'ombe wao wa aina ya Angus na mambo yao ya uwindaji. Maisha yakawashinda, wengi wakaondoka. Herzog ya Wajerumani ilikuwa hapohapo jirani, na 1913 miji ikaunganishwa. Waliobaki ni Wajerumani, jina likabaki la Waingereza. Dunia hii!

Chakula chao kinaitwa bierock: mkate laini uliojazwa nyama ya kusaga, kabichi na vitunguu. Ni kama andazi lililomeza sambusa. Tena tamu, ila pilipili uje na ya kwako.

Kuna waliokataa kuhama, wakaona Volga ndiyo nyumbani. Agosti 1941, Hitler akiwa ameshaivamia Urusi, Stalin akaamuru wote wahamishwe kwa nguvu kwenda Siberia na Kazakhstan. Walipakiwa kwenye mabehewa kwa sababu ya kuwa Wajerumani, wakati mababu zao walikuwa wameihama Ujerumani karibu miaka 180 nyuma.

Haya, mliouliza ada za chuo cha hapa jirani, mji wa Hays, hiyo ni video ijayo. Na wewe unayetaka kuuza kiwanja, hebu niandikie kwanza inbox tuongee.