Anti wa Kwaya: Kusafiri Ughaibuni na Watoto Wanaoimba

MWALIMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Bombo, Arua, Malaba na kokote mnakotusikia. Leo mambo yamegeuka kidogo. Dada yangu wa kipindi ndiye nitakayemhoji, kwa sababu amewahi kwenda Marekani na kwaya ya watoto ya Kikristo kama mlezi wa kujitolea. Vijana wengi wa makanisani wametuandikia wakiuliza njia. Dada, karibu upande wa pili wa meza.

DADA: Asante, Mwalimu. Nimekaribia.

MWALIMU: Tuanze na kazi yenyewe. Sisi tunawaona watoto jukwaani, ngoma zinalia, vitenge vinang'aa, wazungu wamesimama wanapiga makofi. Wewe uko wapi saa hiyo?

DADA: Niko pembeni ya jukwaa na taulo, maji ya kunywa na macho kwa yule mtoto aliyeanza kukohoa mchana. Tamasha lote ni saa moja na kitu. Saa zilizobaki ni za kulea. Unawaamsha, unasimamia meno yapigwe mswaki, unasaka soksi ya pili, unawafundisha hesabu ndani ya basi, unawatuliza wanaogombana kwa sababu ya kiti cha dirishani. Watoto wanatuita anti na anko, na hicho ndicho cheo chako kuanzia asubuhi mpaka usiku. Anayetaka kwenda kwa sababu anapenda kuimba, mimi ningemwambia ajiunge na kwaya ya watu wazima.

MWALIMU: Umeanza na moto!

DADA: Naliamini kabisa. Wale ni watoto wa miaka saba, minane, tisa. Kuna kijana mmoja tulikuwa naye, mpole sana. Tulilala kwa familia moja ya kanisa, nyumba nzuri, zulia kila mahali. Alfajiri nikasikia maji bafuni. Nikaenda. Nikamkuta amepiga magoti kando ya beseni kubwa la kuogea, shuka limelowa lote, analisugua kwa sabuni ya kunawia mikono. Alikuwa amekojoa kitandani, na hakutaka mtu ajue. Kwao anafua mwenyewe, kwa hiyo aliona ni jambo la kumaliza kimyakimya. Nilipiga magoti naye, tukakamua lile shuka, huku na huku, mpaka likaacha kudondoka. Mama mwenye nyumba akaja, akatuonyesha mashine ya kufulia, hakusema neno lingine. Jioni yule kijana aliimba mstari wake wa peke yake na kanisa zima likasimama. Hakuna aliyejua asubuhi yake ilivyokuwa, na hawakupaswa kujua.

MWALIMU: Hapo ndipo ulezi ulipo. Sasa ngoja nitie historia kidogo, kwa sababu vijana wanadhani mambo haya yameanza jana. Kwaya iliyofungua njia hapa kwetu ni African Children's Choir, iliyoanzishwa na Ray Barnett mwaka 1984. Mkumbuke 1984 ilikuwa nini Uganda: Amin ameondoka, Obote amerudi, Luweero kunawaka vita vya msituni, watoto wamebaki bila wazazi. Wazo lilikuwa kwamba badala ya ulimwengu kuonyeshwa picha za watoto wenye njaa tu, wawaone wakiimba, wazima na wenye vipaji. Mwaka huohuo wa 1984, Gary na Marilyn Skinner wakaanzisha Kampala Pentecostal Church, ile ya Bombo Road kwenye jengo lililokuwa sinema. Leo inaitwa Watoto Church, na kwaya yake ya watoto imekuwa ikisafiri nje tangu 1994. Halafu ukaja UKIMWI, yatima wakaongezeka, na kwaya zikaongezeka.

DADA: Na nyingine ndogondogo ambazo hata jina hulijui.

MWALIMU: Hizo tutafika. Kwanza waeleze utaratibu wa safari. Kijana yuko Ntinda, hapa Kampala, amesikia kwaya fulani inatafuta walezi. Aanze wapi?

DADA: Pasipoti. Ya kawaida ni shilingi 250,000, na usisubiri mpaka uitwe ndipo uanze kuitafuta. Kisha cheti cha mwenendo mwema, kile kinachotolewa na polisi kupitia Interpol, yaani polisi wa kimataifa, kwa sababu hakuna kwaya ya maana itakayokukabidhi watoto bila kukiona. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Barua ya mchungaji anayekujua kweli, anayeweza kusema unavyokaa na watoto wa Shule ya Jumapili. Kama mnaenda Marekani, kuna mahojiano ya viza pale ubalozini Nsambya. Mengine ya karatasi kwaya itakuelekeza.

MWALIMU: Na fedha?

DADA: Kila kwaya ina utaratibu wake. Zipo zinazokupa chakula, malazi na posho kidogo. Zipo zinazotaka ujichangishie nauli. Uliza mapema, tena upewe kwa maandishi. Na ujue kwamba kujitolea ni kujitolea. Nyumbani watakutegemea utume pesa kwa kuwa uko Marekani. Kaa na familia yako kabla ya kuondoka, waambie wazi kwamba hurudi na gari.

MWALIMU: Hiyo nayo ni kazi! Mjomba akishasikia neno ndege, basi.

DADA: Kabisa. Mama yangu alinielewa, wajomba walichukua muda.

MWALIMU: Familia za wenyeji. Mnalala kwa watu msiowajua, mna watoto wa wenzenu. Usalama mnaulindaje?

DADA: Hapa naomba wasikilizaji wanisikilize vizuri. Sheria ya kwanza, mtoto halali peke yake kwa mwenyeji. Wanakwenda wawili au zaidi, na mtu mzima wa kwaya yuko nyumba hiyohiyo. Sheria ya pili, mtu mzima yeyote, hata mimi, habaki faraghani na mtoto mmoja mlango umefungwa. Ya tatu, mwenyeji awe amechunguzwa na kanisa lake kabla hatujafika. Watu wengine wanaona kama tunawashuku wenyeji. Hatumshuku mtu. Wengi wao ni watu wa Mungu kweli, wanapika, wanatafuta mchele na maharagwe ili watoto wasisumbuke tumbo. Lakini ukweli ni kwamba mtu mwenye nia mbaya anapenda mahali ambapo watu wote wanaaminiana. Kwa hiyo sheria ni kwa wote, hata kwa mchungaji.

MWALIMU: Amina. Na simu, picha?

DADA: Picha za watoto haziendi kwenye ukurasa wako. Hata ile nzuri. Hata akiwa anacheza na theluji mara ya kwanza, na kweli wakiiona theluji wanapiga kelele mpaka unataka dunia nzima ione. Iache kwenye albamu ya kwaya.

MWALIMU: Sasa nataka tuingie kwenye lile uliloniambia tukiwa nje ya studio. Ushuhuda.

DADA: Ndiyo. Hili limenikaa moyoni. Kwaya niliyokwenda nayo sitaji jina lake, watu wake niliwapenda. Katikati ya tamasha kulikuwa na mtoto anayekuja mbele kwenye maikrofoni na kusimulia maisha yake. Binti mmoja wa miaka minane alikuwa ameandikiwa maneno: jina lake, kwamba baba yake alifariki, kwamba walikuwa wakilala njaa. Yote ni kweli. Lakini aliyasema jioni hii, na jioni ya kesho, na ya keshokutwa, mji baada ya mji. Baada ya maneno yake ndipo kapu la sadaka linapita. Siku moja akiwa ananisubiri nimfunge kamba ya gauni, akaniuliza, "Anti, leo naweza kusema napenda kuogelea?"

MWALIMU: Ee Bwana.

DADA: Mama yake yuko hai, yuko Masaka, anauza ndizi. Watu kanisani walikuwa wanamkumbatia na kumwita yatima. Mtoto anaanza kujijua kwa lile jina. Nikaenda kwa kiongozi wa ziara, nikamwambia yule binti amechoka kumzika baba yake kila jioni. Tulibishana, sikufichi. Akaniambia bila ushuhuda sadaka itashuka, na sadaka ndiyo inayolipa karo ya watoto walioko nyumbani. Hoja yake ina uzito, siwezi kuidharau. Lakini nikasema, habari za shida aziseme mtu mzima, na aseme za watoto kwa jumla. Mtoto aseme jina lake, darasa lake, anachopenda.

MWALIMU: Ikawaje?

DADA: Walikubali kujaribu. Yule binti akasimama, akasema anapenda kuogelea na anataka kuwa rubani. Kanisa likacheka kwa furaha, naye akacheka. Kuhusu sadaka, mimi sikuwa mtu wa hesabu, siwezi kukwambia. Ninachojua ni kwamba alianza kulala mapema.

MWALIMU: Mimi ni mwalimu wa kwaya, na naunga mkono. Mtoto anayeimba vizuri ametoa alichonacho, hatudai zaidi ya hapo. Tena kuna upande wenye giza zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wavulana wa Zambia walipelekwa Texas na shirika lililojiita la Kikristo. Wazazi waliahidiwa kwamba watoto watasomeshwa na pesa zitarudi kujenga shule. Walichopata ni kuimba matamasha kadhaa kwa siku, bila shule, bila malipo, mpaka serikali ya Marekani ilipoingilia. Walikuwa wanaimba nyimbo za Mungu. Ndiyo maana wachungaji wetu wasiseme "ni huduma tu" halafu wakatia saini.

DADA: Na mzazi aelewe anachotia saini. Pale kijijini karatasi inakuja imeandikwa Kiingereza cha wanasheria, mama anawekeshwa alama ya kidole gumba. Mlezi wa kujitolea akiwepo siku hiyo, kazi yake ya kwanza ni kukaa na yule mama na kumweleza kwa lugha yake: mtoto atakuwa wapi, muda gani, atapiga simu siku gani, na akiugua nani analipa. Sheria yetu ya Watoto, pamoja na marekebisho ya 2016, inaweka maslahi ya mtoto mbele. Tusisubiri mahakama ndiyo itukumbushe.

MWALIMU: Tuna swali la msikilizaji wa Jinja. Anauliza, watoto wakirudi inakuwaje? Nadhani anamfikiria mwanawe.

DADA: Ni swali zuri kuliko yote. Kwenye ziara mtoto ana kitanda chake, nyama karibu kila siku, watu wanampigia makofi. Anarudi nyumbani wanalala watatu kwenye godoro moja, na asubuhi ni kuchota maji. Halafu shule. Mwaka wetu wa masomo una mihula mitatu na unaanza mwanzoni mwa mwaka. Mtoto akikosa mihula miwili, wenzake wa P.4, darasa la nne, wako mbali, na yeye jina lake lote ni "yule wa Marekani". Kwaya nzuri inasafiri na mwalimu anayefuata mtaala wa Uganda, na inaendelea kulipa karo mtoto akisharudi. Nyingine ahadi inaishia uwanja wa ndege wa Entebbe, kwenye mlango wa kutokea.

MWALIMU: Na wenyeji wa kule? Maana najua wanaahidi.

DADA: Wanaahidi sana, kwa moyo safi. "Nitakutumia baiskeli." "Nitakuja kukuona." Mtoto anahesabu siku. Sisi walezi tuliwaomba wenyeji wasiahidi kitu kwa mtoto, zawadi yoyote ipitie kwenye kwaya. Na sisi wenyewe tusiahidi. Nilipoagana na watoto wangu niliwaambia nitawatembelea shuleni siku ya wazazi, kwa kuwa hilo nilijua ninaliweza. Nimekwenda. Yule kijana wa shuka ana sauti nzito sasa, hawezi tena kuimba ile nota ya juu, na anacheza kandanda.

MWALIMU: Muda unatubana. Kijana wa Ntinda amepata barua, amekubaliwa, kalamu iko mkononi. Aulize nini kabla hajatia saini?

DADA: Aulize watoto wa ziara iliyopita wako shule gani sasa. Majina ya shule, na darasa wanalosoma. Wakianza kuzungukazunguka, arudishe kalamu.

MWALIMU: Na wakimjibu?

DADA: Apande teksi aende akawaone, kwa ruhusa ya shule na wazazi. Awaulize wale watoto kama wangependa kurudi tena ziarani, na asikilize wanavyojibu anti wao akiwa hayupo.