Saa Kumi na Tatu Kasorobo

Nimepewa dakika kumi, na mnaonijua mshajua wimbo wangu: tengeneza programu ya kujifurahisha tu, ambayo huna nia ya kumuuzia mtu. Naona ndugu yetu kule nyuma ameanza kutikisa kichwa. "Italipa vipi?" Hailipi. Tuendelee.

Yangu ni saa ya simu inayotaja wakati kwa Kiswahili, kwa sauti ya shangazi yangu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Si unatoa sita tu? Simu ikionyesha 7:00, shangazi anasema saa moja. Nikalala nikijisifu. Kulipokucha, 6:00 kamili, nikasikia: "Saa… asubuhi." Sita toa sita ni sifuri, na sifuri sikumrekodi. Nikarekebisha haraka: sifuri iwe kumi na mbili. Lakini kasorobo hutajwa kwa saa inayokuja, kwa hivyo programu huongeza moja. Saa 6:45 niko ndani ya matatu, Ngong Road, shangazi akapaza sauti: "Saa kumi na tatu kasorobo asubuhi!" Kondakta akauliza hiyo ni saa ya nchi gani.

Mtaniambia kuna programu tayari za mambo ya saa. Zipo. Nilizipekua nikakuta Kenya iliwahi kutangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, kabla ya hizi 3 tulizozoea. Jumamosi nzima ikaishia hapo, raha tupu. Kazini nilikuwa nimenakili misimbo ya tarehe miaka na miaka bila kuielewa, maana mteja anasubiri. Hii niliielewa kwa sababu ilinichekesha na hakuna aliyekuwa akinipigia simu.

La pili, betri… mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Betri tuiache. Majaribio: siku ina dakika 1,440, iambie kompyuta izitaje zote, haichoki. Ningefanya hivyo mapema, kondakta asingenipata.

La mwisho, 7:00 ya machweo. Shangazi ni wa Mombasa, kwake hiyo ni saa moja usiku. Majirani zangu hapa Nairobi wanasema saa moja jioni. Nimeweka kitufe: Pwani, Bara. "Jioni" alishanirekodia ya saa kumi na moja, ningeweza kuiunganisha kimyakimya, lakini angejua. Kwa hivyo mkibonyeza Bara, ikifika saa hiyo mtasikia sauti yangu mimi.