Njia Bapa Kando ya Mfereji: Asili Yake na Namna ya Kuipita

Mabibi na mabwana,

Mtu anayepita kwa miguu au kwa baiskeli katika njia ya lami inayoambatana na mfereji ndani ya msitu hufurahia kwanza kwamba hakuna vilima. Ningependa kuanzia hapo, kwa sababu mengi yanayompata mpitaji huyo, mazuri na mabaya, yanatokana na ukweli kwamba njia nyingi za aina hii hazikujengewa watu wanaotoka kupunga hewa. Zilijengewa farasi na nyumbu wa kufugwa waliovuta matishali kwa kamba, na mnyama aliyefungiwa shehena ya makaa ya mawe hawezi kupandishwa mlima kila baada ya hatua mia.

Mfano mzuri ni mfereji wa Chesapeake na Ohio nchini Marekani, ambao ujenzi wake ulianza tarehe 4 Julai 1828 na kufika Cumberland mwaka 1850. Kutoka Georgetown, jijini Washington, hadi Cumberland ni kilomita 297, na katika umbali wote huo njia inapanda mita 184 tu. Mwinuko huo wenyewe haukusambazwa, bali umekusanywa kwenye vyumba 74 vya milango ya maji ambamo mashua zilipandishwa na kushushwa, kila chumba kikiinua mashua kwa wastani wa mita mbili na nusu. Baina ya chumba na chumba maji yametulia, na njia imetulia pamoja nayo. Mwendesha baiskeli anayeelekea bondeni atajua kwamba amefika kwenye milango ya maji kabla hata hajaiona, kwa kuwa ghafla miguu inakuwa miepesi kwa muda mfupi, kisha kazi inaendelea kama kawaida.

Mashua zilikoma kupita huko mwaka 1924. Mwaka 1954 Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliongoza msafara wa miguu kuifuata njia hiyo yote, akipinga mpango wa kuigeuza barabara ya magari. Mwaka 1971 ikawa hifadhi ya kihistoria ya taifa. Kwa sehemu kubwa njia hiyo ni ya udongo na kokoto laini, si ya lami, na mimi naona haijapungukiwa kitu.

Ubapa huo, hata hivyo, hudanganya. Penye milima mwendesha baiskeli hupumzika akiteremka, husimama juu ya pedali akipanda, na mwili wake hubadilika mkao bila yeye kukusudia. Kando ya mfereji hakuna mteremko wa kumbeba: asipokanyaga, baiskeli inasimama. Hukaa mkao mmoja kwa saa nzima, mpaka vidole vikafa ganzi kwenye usukani na makalio yakaanza kulalamika, ingawa mapafu hayajachoka hata kidogo. Anayetembea naye hukutwa na jambo la namna hiyo hiyo, kwani juu ya lami bapa kila hatua hukanyaga kwa pembe ileile, na nyayo huumia mapema kuliko kwenye udongo. Dawa yake ni kushuka au kukaa kitako kabla maumivu hayajaanza.

Sasa nije kwenye miti, ambayo ndiyo hasa inayoleta ugumu. Lami na mizizi havipatani. Mizizi inayotambaa karibu na uso wa ardhi hunenepa chini ya lami na kuiinua, na matuta yanayotokea hukatiza njia. Kivuli cha majani kilichochanganyika na mabaka ya jua huyaficha matuta hayo vizuri sana. Tena kivulini lami hukauka polepole, hivyo majani yaliyolowa na utando wa kijani hubaki na utelezi saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Funga breki mapema, kabla ya kona, wala si ndani yake.

Lakini kuikata miti ili lami ipone ni kosa. Mfereji wa Midi huko Ufaransa, uliofunguliwa mwaka 1681, ulipambwa na miti ya platani ipatayo 42,000, ambayo pamoja na kutoa kivuli ilishika kingo kwa mizizi yake. Mwaka 2006 uligunduliwa huko ugonjwa wa kuvu unaoenea kwa maji na kwa mizizi iliyogusana, na maelfu kwa maelfu ya miti ikalazimika kukatwa na kuchomwa. Waliopita sehemu zilizokatwa wakati wa kiangazi hawahitaji mhadhara kuhusu thamani ya kivuli.

Kuhusu kupishana nitasema machache. Mwenye baiskeli ndiye anayempisha mwenye miguu, apige kengele akiwa mbali, si mgongoni mwa mtu, kwa maana anayeshtuka huruka upande wowote, na upande mmoja ni maji. Watoto watembee upande wa msitu. Chini ya madaraja ya zamani, ambako njia hujibana kati ya jiwe na maji, kushuka na kusukuma baiskeli ni bora kuliko kujaribu bahati. Suala la upana wa tairi nimeliacha makusudi, kwa kuwa najua litaulizwa. Karibuni kwa maswali.