Chora Fonti ya Pikseli kwa Mkono: Tuanze na MWENGE

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tunachora zile herufi za miraba za gemu za zamani, kwa ajili ya bango la banda la gemu pale Mwenge. Chukua daftari la hesabu lenye vyumba, na penseli. Kompyuta iache kwanza.

Tenga eneo la kila herufi: vyumba 5 kwa upana, 7 kwa kimo. Wengi huanza na A. Mimi naanza na M, maana Kiswahili kimejaa M: mtu, mji, Mbagala, Msasani. Ukiibana M kwenye vyumba 3, watu wataisoma H.

Jaza nguzo ya kushoto, vyumba 7. Ya kulia, 7. Mstari wa pili kutoka juu, jaza chumba cha pili na cha nne. Mstari wa tatu, cha katikati peke yake. Vyumba 17, na M imesimama! Sasa pindua daftari juu chini. Hiyo hapo W. Ndiyo maana nalipenda neno MWENGE.

E ni nyepesi: mkono wa kati upungue chumba kimoja. Ukimaliza N na G, acha chumba kimoja kati ya herufi na herufi. Neno zima linakuwa vyumba 35 kwa 7. Ukitaka kila chumba kiwe sentimita 4, basi ni sentimita 140 kwa 28.

Usisahau ritifaa ya NG'. Ipe nafasi yake, chumba 1 kwa upana na 2 kwa kimo. Fonti nyingi za kigeni zinaibana mno, NG'OMBE anageuka NGOMBE.

Ubahili huu wa vyumba una asili yake. Kompyuta ya Macintosh ya Apple, ya mwaka 1984, ilikuwa na skrini ya pikseli (vidoti vya skrini) 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Mbunifu Susan Kare aliichorea fonti ya Chicago pikseli moja moja. Naiheshimu sana kazi ile.

Sasa washa kompyuta, fungua FontStruct, tovuti ya kutengenezea fonti, hamishia vyumba vyako. Kama huna muda, kuna fonti iliyo tayari, Press Start 2P, ni ya bure. Hiyo imejengwa kwenye vyumba 8 kwa 8, kwa hiyo kwenye skrini tumia saizi 8, 16, 24 au 32. Ukiweka 12, kila chumba kinadai pikseli moja na nusu, na kompyuta inaziba pengo kwa kijivu.

Kijivu hicho kiliwahi kuniumiza. Nilipeleka faili dogo la picha kuchapwa, likavutwa lijae bango. Kingo zote zikawa na ukungu, ikabidi kazi irudiwe. Kwa hiyo kuza mwenyewe, mara 2, mara 3, mara 10, ukiwa umezima ulainishaji wa kingo, kisha hifadhi picha kwa muundo wa PNG. Muundo wa JPEG unachafua kingo.

Mwisho, fonti hii ni ya jina la banda tu. Bei na namba ya simu ziandike kwa fonti ya kawaida, abiria azisome daladala ikiwa bado inatembea.