Mgeni Anayekunywa Zaidi ni Bustani

(Mhadhara kwa wanafunzi wa fani ya hoteli, Unguja)

Assalaam alaykum. Naona mmeshashika kalamu. Ziwekeni kwanza, nina swali. Hoteli ya vyumba sitini, ufukweni, pwani ya mashariki: nani anatumia maji mengi kuliko wote?

Mgeni, mnasema. Dobi. Yule wa nyuma kasema bwawa la kuogelea, anakaribia. Jibu ni bustani.

Mtafiti Stefan Gössling alilipima jambo hili hukohuko mashariki, akachapisha matokeo mwaka 2001. Kila mtalii alihesabiwa wastani wa lita 685 kwa siku: 248 katika nyumba ndogo za wageni, 931 katika hoteli. Na maji ya hoteli, karibu nusu yake yalimwagiwa bustani. Mwanakijiji wakati huo hafikii hata lita 50. Takwimu ni za zamani, najua. Lakini nimefanya ufundi wa hoteli miaka ishirini na mbili, na bado sijakutana na ukoka wa ufukweni uliojifunza kunywa kidogo.

Sababu iko chini ya miguu. Kule uwandani hakuna udongo wa kusema. Ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na juu yake mchanga kiganja kimoja. Ukimwagilia saa tano asubuhi, jua linachukua lake, matundu yanachukua yaliyobaki, na jioni majani yanalia kiu upya. Halafu ndani ya chumba tumemwekea mgeni kikadi: "Ukitaka tusifue taulo, litundike." Kikadi si kibaya, ila mimi huona haya kidogo nikikisoma huku nje mpira wa maji unamwagika tangu alfajiri.

Sasa hayo maji yanatoka wapi? Uwandani hakuna mto. Mvua inapenya kwenye jiwe, ikifika chini inaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kidogo. Hesabu yake ni hii: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 nyingine chini yake. Igeuzeni hesabu hiyo. Ukivuta mpaka usawa ukashuka nusu mita, chumvi, ikipewa muda, inapanda kama mita 20. Ndiyo maana pampu ya hoteli ikizidisha, kisima cha jirani hakikauki. Kinageuka chumvi. Meneja hataliona hilo kwenye ripoti yake, atalionja mama wa kijijini kwenye chai.

Niwape kisa. Hoteli moja, sitaitaja, ilikuwa inanunua maji ya boza kila wiki na kulaumu wageni. Nikasoma mita saa nne usiku, nikaisoma tena saa kumi na moja alfajiri. Watu wamelala, dobi kafunga, na mita imekwenda uniti 9. Lita 9,000! Tulizunguka siku mbili tukitafuta pahala palipolowa, hapakuwapo. Mwisho tukapanda kwenye tangi la dobi: boya linalofunga maji tangi likijaa limekwama, maji yanapita bomba la juu na kuingia moja kwa moja kwenye ufa wa jiwe. Penye udongo ungeona dimbwi, ungeona vyura. Kwetu jiwe linakunywa kimya. Boya jipya halikufika bei ya chakula cha jioni cha mgeni mmoja.

Na jiwe hilohilo linalokunywa maji masafi, linakunywa na ya chooni. Shimo la maji machafu lisilo na kuta wala mtambo wa kusafisha, pale uwandani, ni njia fupi ya kwenda kisimani na kwenye mwani wanaoulima akina mama. Maji ya kuogea mnaweza kuyapitisha kwenye vitanda vya changarawe na mimea, kisha yakaenda bustanini. Na bustani yenyewe ipunguzwe ukoka, ipandwe mikadi na miti mingine ya pwani iliyozoea chumvi na upepo. Mgeni hakupanda ndege kuja kuangalia nyasi.

Tuje kwenye umeme, nao haujitengi na maji. Wakubwa wenu wanakumbuka Mei 2008, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipokorofika, tukakaa giza kama mwezi mzima. Desemba 2009 ukarudia, safari hiyo mpaka Machi 2010. Watu wanakumbuka giza. Mimi nakumbuka ndoo, maana pampu za visima zilisimama. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, tukasahau haraka.

Somo la fundi ni kwamba maji yanaweza kuwa betri yako. Una sola? Pampu maji mchana, jua likiwa kali, ujaze tangi la juu, usiku yashuke yenyewe. Maji ya moto yapashwe na jua juu ya paa. Kumpashia mgeni maji kwa koili ya umeme katika nchi hii ni kama kununua embe chini ya mwembe msimu wa maembe. Kiyoyozi kinataka mlango uliofungwa, basi weka swichi inayokizima mlango ukiachwa wazi. Mgeni hutamshinda kwa mahubiri.

Kuna aliyeniuliza mlangoni: kwa nini tusisafishe tu maji ya bahari? Inafanyika, na pengine ni heri kuliko kugombea kisima na kijiji. Lakini mtambo unataka kama uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000, na zaidi ya nusu ya maji uliyovuta yanarudi baharini yakiwa na chumvi kali. Zile lita 9,000 za boya bovu zingekuwa uniti 30 hivi za umeme, kila usiku.

Kisiwani Chumbe, hifadhi tangu 1994, hakuna maji ya ardhini kabisa. Wamejenga mabanda saba ya wageni, kila moja linakinga mvua kwa paa na kuihifadhi kwenye birika chini ya sakafu. Umeme ni wa jua, vyoo ni vya mboji, havitumii maji. Msiniambie hoteli ya vyumba sitini ifanye vilevile, haiwezi. Ila paa la mita za mraba 1,000, mvua ikinyesha milimita 10 tu, linapokea lita 10,000. Masika yote hayo tunayaacha yadondoke mchangani kwa kukosa gata.

Kalamu sasa. Usiku huu saa nne kila kundi litasoma mita ya hosteli yake na kuandika namba. Alfajiri msome tena kabla mtu hajatia udhu. Tutaanzia hapo kesho.